Kisa cha Abushiri chaelekea Ujerumani

Zimesalia siku 9 kabla ya vijana 12 wa madrasa ya msikiti wetu, hapa mjini Pangani, kuanza safari ya kwenda Ujerumani kushiriki tamasha la michezo ya kuigiza la vijana. Mchezo wanaoupeleka unahusu vita alivyopigana Abushiri bin Salim al-Harthi dhidi ya Wadachi katika mwambao huu, vita vilivyomwanzia hapa Pangani mwaka 1888 na kumwishia hapa hapa, penye kitanzi, tarehe 15 Desemba 1889. Yaani vijana wetu wanakwenda kuwasimulia Wajerumani, kwa Kiswahili na nyumbani kwao, jinsi wazee wao walivyomnyonga mzee wetu. Hilo peke yake lingetosha kuwanyima wanakamati wa msikiti usingizi, na kwa hakika limetunyima.

Tumeulizwa na baadhi ya waumini, wengine kwa upole na wengine kwa ukali, msikiti na mchezo wa kuigiza ni wapi na wapi. Swali hilo tunaliheshimu. Ila mwenye kuuliza mara nyingi amesahau alivyokuwa yeye mwenyewe siku ya mahafali ya madrasa, alipovalishwa joho la babake lenye kuburura chini, akaambiwa awe kadhi mla rushwa, na akina mama wakacheka nyuma ya pazia hadi machozi. Maigizo katika madrasa zetu si jambo la jana. Wala waandishi wa tamthilia za Kiswahili hawakutoka mbali nasi: Ebrahim Hussein, aliyetuandikia Kinjeketile mwaka 1969, ni mtoto wa Lindi, na Farouk Topan, mwandishi wa Mfalme Juha na Aliyeonja Pepo, ni mzaliwa wa Zanzibar. Lililo jipya kwetu ni kuvuka bahari, na kuvuka kwenyewe kuwa ni kwa Mdachi.

Kwa faida ya wasomaji vijana, kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 28 Aprili 1888, Sayyid Khalifa bin Said, Sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba ulioikabidhi kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa Mrima na ushuru wa forodha zake kwa miaka 50. Watu wa Mrima hawakuulizwa. Ilipofika Agosti maofisa wa kampuni walianza kupandisha bendera yao mji baada ya mji, na huku Pangani aliletwa Emil von Zelewski. Liwali wa Sultani alipokataa kuitii bendera hiyo, wanamaji waliteremshwa kutoka manowari ili wamsake, na katika msako huo wakaingia msikitini na viatu vyao na mbwa wao. Siku hizo zilikuwa za Idi ya kuchinja ya mwaka 1305 Hijria. Liwali walimkosa. Walichokipata ni mji mzima uliowaka hasira, na haikupita muda ila Zelewski na wenzake wakawa wamefungiwa ndani ya nyumba yao hadi walipookolewa na kuondoshwa mjini. Miaka 3 baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski aliuawa na Wahehe kule Lugalo, ambako alikuwa akiitwa Nyundo. Vijana walitamani sana kulitia hilo mchezoni. Mwalimu wao alikataa. Aliwaambia kuwa hicho ni kisa cha Iringa, na Iringa ina wasimulizi wake.

Mchezo haukutungwa hewani. Msingi wake ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya Wadachi kuitamalaki Mrima, uliotungwa na mtu wa zama zile zile, na ambao J. W. T. Allen aliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika miaka ya 1950. Jina la al-Buhriy halihitaji kutambulishwa kwa watu wa Tanga. Sheikh Ali bin Hemedi ndiye yule kadhi mwenye kitabu cha Nikahi kinachopatikana katika makabati mengi ya masheikh wetu. Hata hivyo vijana hawazighani beti za Hemedi jukwaani. Wametunga zao kwa mizani nane, na wanaozighani ni mabinti wawili ndugu, wamekaa upande mmoja wa jukwaa, wamejistiri kikamilifu, na baba yao mzazi anasafiri pamoja nao. Ikhtilafu ya wanazuoni kuhusu sauti ya mwanamke tunaijua, na hatutaki kuirefusha hapa. Kamati ilisikiliza pande zote mbili, ikaamua, na aliyekuwa na rai tofauti alibaki ndugu yetu na bado anaswali safu ya kwanza.

Onyesho la pili, lile la msikitini, ndilo lililotushughulisha zaidi katika miezi hii 5 ya mazoezi, na ndilo tunalotaka kulieleza kwa kirefu.

Kwanza ilikuja hoja ya swala. Katika maandishi ya awali vijana walikuwa wamepanga safu, imamu anatoa takbira, maamuma wanarukuu, ndipo wanamaji wanaingia. Ustadhi wetu alilisimamisha zoezi siku ile ile ya kwanza. Alisema swala ni ibada, ina nia yake na tohara yake, na haifai mtu arukuu na kusujudu mbele ya watazamaji ilhali moyoni mwake anahesabu hatua za mwenzake. Kijana mmoja akauliza, basi watu watajuaje kuwa hapo ni msikitini? Jibu lilipatikana baada ya wiki mbili za majadiliano, na kwa maoni yetu limekuwa bora kuliko lile la mwanzo. Sasa onyesho linaanza na khutba ya Idi. Watu wameketi juu ya mkeka wakiwapa watazamaji mgongo, khatibu amesimama na fimbo yake, na sauti yake ni ya chini hata mtazamaji inambidi ainamishe kichwa ili asikie. Ukimya huo ndio unaovunjwa.

Pili ni mbwa. Hapakuwa na mtu aliyetaka mbwa wa kweli, na mtoto wa madrasa kutembea kwa miguu na mikono huku akibweka lingekuwa jambo la kuchekesha mahali pasipostahili kicheko. Mbwa basi hawaonekani. Kinachosikika ni mnyororo ukiburuzwa sakafuni nyuma ya pazia, ukikaribia, na vichwa vya waumini vinavyogeuka kimoja baada ya kingine. Mnyororo wenyewe ni wa kufungia ngalawa, tumeazimwa na mvuvi mmoja wa hapa mjini.

Tatu ni viatu. Hivyo vilinunuliwa mitumbani Tanga, jozi 4, vya ngozi, vizito. Huenda vilitoka huko huko Ulaya, na kama ni hivyo basi navyo vinarudi kwao. Mkeka pia ulinunuliwa kwa ajili ya mchezo tu, wala haukutoka msikitini, na hilo tulilitangaza mara mbili baada ya swala ya Ijumaa ili pasiwe na maneno. Pamoja na hayo, usiku wa kwanza vijana walipofanya zoezi la onyesho hilo na viatu vyenyewe, mbele ya wazee wachache waliokuwa wamealikwa, lilitokea jambo. Kiatu cha kwanza kilipokanyaga mkeka, mzee mmoja wa zaidi ya miaka 80 aliinuka kitini na kumkemea kijana kwa sauti ya kutetemeka, "Vua, we mwana! Vua!" Kijana alishika njia ya kuvua. Alisahau kabisa kuwa yeye ni mwanamaji wa Kidachi. Alikuwa mjukuu anayekemewa na babu yake. Watu walicheka kidogo, kisha kicheko kikafa chenyewe, maana mzee hakuwa akicheza.

Tulimwendea kesho yake kumtaka radhi. Alitupokea barazani, akaagiza kahawa, akasema hana kinyongo, bali kisa kile alikisikia kwa bibi yake alipokuwa mdogo, na hakutegemea kukiona. Aliomba jambo moja: kijana asivue. Akivua, alisema, watu wa huko hawataelewa kilichotukasirisha.

Tangu siku hiyo yule kijana, ambaye mchana ni dereva wa bodaboda na hana ubaya na mtu, ameambiwa akanyage mkeka polepole, kiatu kizima, na asimame pale katikati muda wa kuhesabu hadi 10. Usiku baada ya usiku hafiki 10. Mwalimu amemwambia atafika kulekule.

Sehemu nyingine tutazipita kwa haraka. Kuna onyesho la Hans Meyer, yule msafiri wa Kijerumani aliyekamatwa na watu wa Abushiri mwaka 1888 pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakatiwa minyororo na kuachiwa kwa fidia. Mwaka uliofuata, Oktoba 1889, Meyer alifika kileleni Kilimanjaro na kukipa kilele hicho jina la mfalme wake. Wajerumani wanamjua mpanda mlima, hawamjui mfungwa. Vijana wanalitarajia onyesho hilo kwa hamu, na linachekesha kwa kiasi chake. Kuna Hermann Wissmann na jeshi lake la askari wa Kisudani aliowaajiri Misri na wengine kutoka Msumbiji, na kushambuliwa kwa boma la Abushiri karibu na Bagamoyo mwezi Mei 1889, ambako jeshi zima ni vijana 6 na ngoma moja. Kunyongwa hakuonyeshwi. Anayemwigiza Abushiri anavua kilemba chake, anakikunja, anakiweka juu ya mkeka, anatoka. Tuliona inatosha, hasa kwa mchezo ambao wadogo zetu pia wameutazama.

Tuseme sasa juu ya jambo zito kuliko viatu.

Baada ya kila onyesho katika tamasha hilo huwa na mazungumzo kati ya waigizaji na watazamaji. Kwa hiyo mwezi huu wa mwisho tumekuwa tukifanya mazoezi ya maswali pia. Wanakamati wanakaa mbele na kujifanya Wajerumani, mmoja wetu hata huvaa miwani, nao vijana hujibu. Tuliwauliza: mnatuchukia? Wakajibu kuwa shule wanakosoma na hela wanazolipia nauli vina majina yaliyotoka Udachini, na mtu hachukii lugha aliyoilamba. Tuliwauliza kuhusu Rais Frank-Walter Steinmeier, ambaye tarehe 1 Novemba 2023 alifika Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji. Wakasema wamelisikia na wanalishukuru, na kwamba Pangani ipo kilomita nyingi kutoka Songea. Jibu hilo liliwapendeza wazee kuliko sisi. Tumewataka walipunguze makali.

Kisha mwanakamati mmoja akauliza lile swali ambalo kila mtu alijua litakuja: huyu Abushiri wenu, hakuwa na watumwa?

Alikuwa nao. Alikuwa na shamba la miwa, na mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani katika karne ile yalilimwa na watumwa. Hakuna mwanahistoria anayelipinga hilo, na hakuna mzee wa mji huu asiyelijua. Ndiyo maana tangu mwanzo mwalimu aliandika nafasi ya mtumwa wa shamba, ambaye katika onyesho la tatu anapewa upanga aende vitani, naye anauliza: Wadachi wakishaondoka, mimi nitakuwa wa nani? Abushiri hamjibu. Anageuka kuzungumza na mtu mwingine.

Wapo waliotaka nafasi hiyo iondolewe. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema Mdachi alikuja kututawala kwa kisingizio hicho hicho cha utumwa. Januari 1889 bunge lao lilipitisha marki milioni 2 kwa jina la kupambana na biashara ya watumwa, na fedha hizo zikawa bunduki za Wissmann. Leo twende kwao tukajivue nguo wenyewe, tuwape kisingizio kwa mara ya pili?

Upande mwingine, ambao mwandishi wa makala haya alikuwamo, ulisema hivi. Suratun-Nisaa imetuamuru tusimame na uadilifu katika ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Shahidi anayeficha nusu ya anayoyajua hadai haki, anadai huruma. Tena ukweli wenyewe haumsaidii Mdachi hata kidogo. Aliyesema amekuja kuwakomboa watumwa aliitawala nchi hii hadi Vita Kuu ya Kwanza bila kuufuta utumwa. Alichofanya ni kutangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, na iliwekwa na Waingereza. Mtumwa wa shamba la miwa aliyeuliza swali lile mwaka 1888 huenda alizeeka akilisubiri jibu kutoka kwa Mwarabu, kutoka kwa Mdachi, na kutoka kwa kila aliyepita. Basi na awemo mchezoni, na awe wa mwisho kubaki jukwaani wote wengine wakishatoka. Hayo ndiyo yaliyokubaliwa, kwa wingi mdogo wa kura.

Tulidhani tumemaliza. Wiki iliyofuata, mzazi mmoja alikuja kumtoa mwanawe. Ametupa ruhusa ya kuandika haya bila jina, na tutaandika yale tu aliyoyaridhia. Mwanawe ndiye aliyepewa nafasi ya mtumwa. Mzazi alisema hakupendezwa. Mji huu, alisema, bado una ndimi. Ukienda kuposa wapo wanaouliza babu yako alikuja Pangani kwa njia gani, na wanauliza huku wakikujua jibu. Katika vijana wote waliopo, kwa nini wanangu ndio waoneshwe mbele ya ulimwengu wakiwa watumwa? Mwalimu aliapa kuwa alimchagua kijana kwa sababu ya sauti yake, na tunaamini ndivyo. Lakini mzazi yule hakuwa akizungumza na mwalimu peke yake. Alikuwa akizungumza na sisi sote tunaokaa barazani na kuijua nasaba ya kila mtu.

Wasomaji watatusamehe tukisimama hapa kidogo. Tunasomeshana kila Ijumaa kuwa aliyemcha Mungu zaidi ndiye mbora wetu, na kuwa Bilal bin Rabah, radhi za Allah ziwe juu yake, alipanda juu ya Kaaba kuadhini siku ya kufunguliwa Makka huku mabwana wa Kikureishi wakitazama. Tunasomeshana, kisha linakuja suala la posa. Kuna nyumba ambazo makala haya yatasomwa kwa sauti mezani, na mtu mmoja atanyamaza, na kila mtu atajua kwa nini amenyamaza.

Tulimwomba mzazi yule jambo moja tu, aje usiku mmoja atazame, kisha aamue. Alikuja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mchezo ulipokwisha hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza: huyu Abushiri ana jina, Mdachi ana jina, hata yule liwali aliyejificha ana jina, kwa nini mwanangu hana? Mwalimu alitazama karatasi zake. Palikuwa pameandikwa "Mtumwa" tu, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mzazi akasema atampa jina. Ni jina la mtu wa kwao, aliyefika Pangani kwa njia ile ile, na ambaye kaburi lake familia bado inalifagia. Alitaka kijana alitamke mwenyewe jukwaani kabla ya kuuliza swali lake. Imekuwa hivyo, na maandishi ya tafsiri yatakayoonekana ukutani yamerekebishwa ili na Mjerumani alisome. Hatulichapi hapa, litasikika mahali pake.

Tuje kwenye mambo ya safari, ambayo ndiyo wazazi wengi wanayotuuliza.

La kwanza ni swala. Vijana walikuwa wamefurahi kuwa watafupisha na kukusanya muda wote watakaokuwa huko. Ustadhi amewafafanulia kuwa, kwa madhehebu yetu ya Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali pamoja siku 4 kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea tangu anapofika. Wao watakaa siku 9 katika mji mmoja. Kwa hiyo kufupisha ni njiani tu; wakifika wataswali kamili na kwa wakati wake. Wakati wenyewe ndio mtihani. Onyesho lao ni saa mbili usiku, na mwezi huo wa Julai saa mbili usiku ya kule jua bado linawaka. Mdogo wa mmoja wao alitusumbua kwelikweli: kama jua linawaka, mbona mnaita usiku? Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Saa zetu za Kiswahili zilitengenezwa na watu ambao jua lao lina adabu. Magharibi ya huko itaingia baada ya saa tatu, mchezo ni wa dakika 70, hivyo watamaliza na kupata nafasi ya kutawadha. Isha ni karibu na usiku wa manane, na alfajiri haiko mbali nayo. Usingizi watalala baada ya adhuhuri, na ratiba ya kuamshana imekwishaandikwa.

La pili ni chakula. Wenyeji wameahidi nyama ya halali kutoka kwa wachinjaji wa Kituruki, ambao wako wengi katika miji ya Ujerumani. Akina mama hawakuridhika na ahadi hiyo, na wameshatayarisha visheti, kashata na pilipili za kusaga ambazo, tukizipima zote, zitazidi uzito wa mavazi. Kila msafiri ana kilo 23 na si zaidi. Majambia ni ya mbao, yaliyopakwa rangi na fundi wetu, na yatakaa katika masanduku ya chini ya ndege, wala mtu asiyabebe mkononi. Viza zote 15 zimetoka, za vijana 12 na watu wazima 3, alhamdulillahi, baada ya safari mbili za Dar es Salaam na karatasi ambazo hatukujua kuwa zipo duniani.

La tatu ni adabu. Kila mzazi ametia saini waraka wenye masharti: hakuna kutoka peke yako, hakuna kulala nje ya mahali palipopangwa, simu zinakusanywa saa za mazoezi. Mzazi mmoja aliuliza kama mwanawe atarudi. Aliuliza kwa utani, lakini hakuwa akitania. Tulimjibu kuwa dhamana hiyo tumeibeba sisi wanakamati mbele ya ubalozi, na mbele ya Mwenyezi Mungu kabla ya ubalozi.

Uwanja wa mazoezi bado ni ule ule wa nyuma ya madrasa. Jukwaa la huko ni pana kuliko ukumbi wetu, kwa hiyo mistari imechorwa mchangani kwa majivu, na kila jioni kuku wa jirani huifuta na kila jioni huchorwa upya. Vijana 3 wanakaa Bweni, ng'ambo ya mto, nao wanapaswa kuwahi kivuko cha mwisho. Ndiyo maana onyesho la mwisho hufanyiwa mazoezi kwanza.

Zoezi kuu, lenye mavazi yote, litafanyika Alhamisi hii baada ya swala ya Isha, na wazazi na waumini wote wanakaribishwa. Akina mama wataingia kwa mlango wa upande wa kisima, na viti vya wazee vitawekwa mbele. Baada ya onyesho tutaomba maswali kutoka kwenu, na yasiwe mepesi. Bado tunahitaji masanduku 2 makubwa ya kuazima. Mwenye nalo alilete ofisi ya msikiti kabla ya Jumamosi, likiwa na jina la mwenyewe ndani ya mfuniko.